BARAZA LA JAMAA: Kichupa Katika Pindo la Kanga



Leo sikuja barazani na hadithi ya kuchekesha. Nimekuja kuungama kosa langu mbele yenu, na nikishaungama niwaeleze jambo ambalo kila nyumba yenye watoto yapasa kulijua. Jambo lenyewe ni haya mafuta ya bangi, ambayo siku hizi yanatembezwa huku na huku katika vichupa, na kutiwa katika biskuti na peremende, ati ni dawa.

Siku moja ya Januari, watu wakiwa katika palizi ya mtama, alifika ofisini kwangu mama mmoja wa kigango cha mbali. Alikuja kuchukua cheti cha ubatizo cha mwanawe. Nikaandika cheti, nikapiga muhuri, nikampa. Hakuondoka. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa kichupa kidogo cheusi, akakiweka mezani kwa adabu.

“Karani,” akasema, “wewe umesoma. Nisomee maneno haya.”

Nikasoma. Palikuwa na picha ya jani la bangi, na maneno machache ya lugha ya kigeni yasemayo kwamba mafuta hayo ni safi, nayo huponya kifafa, kisukari na kansa. Basi. Hapakuwa na jina la aliyeyatengeneza, wala tarehe, wala kipimo cha kumpa mgonjwa. Mtoto wa mama huyu, mwenye miaka saba, ana kifafa. Mchuuzi mmoja mnadani alimwambia kwamba vidonge vya zahanati hutuliza tu, bali mafuta haya hung'oa ugonjwa na mizizi yake. Mama aliuza mbuzi ili ayapate.

Nami nilifanya nini? Nilikunja uso. Nikasema, “Mama, bangi ni kosa la jinai. Ukikamatwa utafungwa. Na tena ni dhambi. Nenda ukakitupe chooni.” Sikusema uongo, lakini maneno yangu hayakumsaidia hata chembe. Aliniomba nimsomee, mimi nikamtisha. Akakifunga kichupa chake tena pindoni, akasema, “Haya, Karani,” akaenda zake.

Siku ya tatu nikapata habari kwamba mtoto yuko hospitalini. Mama alikuwa ameacha kumpa vidonge, maana mchuuzi alisema dawa mbili hugombana tumboni. Asubuhi akamtilia kijiko kimoja cha mafuta katika uji. Saa nzima ikapita, asione badiliko lolote. Akadhani haikutosha, akampa kijiko cha pili. Kufika adhuhuri mtoto amelegea kama kitambaa, akiitwa haamki, na pumzi zake ni za polepole. Usiku, kule hospitalini, kifafa kikamrudia mara nyingi kuliko zamani.

Namshukuru Mungu, na nawashukuru madaktari na wauguzi, mtoto ni mzima leo. Mama mwenyewe ameniruhusu niandike habari hii, mradi nisitaje jina lake wala kigango chake. “Andika, Karani,” aliniambia, “wengine wasije wakaogopa kuuliza mara ya pili, kama mimi.”

Basi, yafuatayo ndiyo niliyopaswa kumwambia siku ile.

MAJI YA CHUMVI NA CHUMVI YENYEWE

Wazee wetu wa Ugogo walipika chumvi kutoka udongo wa mbuga ya Bahi. Walitia udongo maji, wakayachuja, wakayachemsha chunguni hata yakakauka. Chungu kizima kilichemka, nayo ikabaki chumvi kidogo chini. Aliyeonja yale maji alikunja midomo tu. Lakini mtu angejaza kinywa chumvi ile iliyobaki, angetapika. Chumvi haikuongezeka; maji ndiyo yaliyoondoka.

Tena tunajua habari ya pombe na gongo. Mtama ule ule, mkono ule ule wa mpishi. Lakini kibuyu cha pombe ya mtama wazee hupokezana mpaka jua linatua, na gongo ya bilauri chache yaweza kumlaza mtu asiamke.

Mafuta ya bangi ni kama hivyo. Jani la bangi lina vitu vingi ndani yake. Kile kinacholevya huitwa tetrahidrokanabinoli. Wataalamu wawili, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, ndio waliokitenga peke yake na kukieleza, huko Israeli, mwaka 1964. Bangi iliyokamatwa Marekani mwaka 1995 ilikuwa na kilevi hicho kama sehemu 4 katika kila 100. Mwaka 2014 ilikuwa imefika kama 12, kwa maana walimaji wamekuwa wakichagua mbegu kali. Lakini bangi iliyokamuliwa, iwe mafuta, iwe kama nta, mara nyingi huwa na sehemu 60 mpaka 90.

Tufanye hesabu kama darasani. Jani likiwa na sehemu 4 na mafuta yakiwa na 80, basi kwa uzito ule ule mafuta yamebeba kilevi mara ishirini. Kwa hiyo asije mtu akawaambia, “Ah, hii ni bangi ile ile ya zamani.” Hata gongo ni mtama ule ule, lakini hatuwapimii watu gongo kwa kibuyu.

UDANGANYIFU WA SAA MBILI

Mtu akivuta moshi, kilevi hufika kichwani katika dakika chache. Lakini akila au akinywa, sharti kwanza kipite tumboni, kisha kwenye ini, ndipo kiingie katika damu. Safari hiyo huchukua kwa kawaida nusu saa mpaka saa mbili, na pengine zaidi. Kisha hukaa saa nyingi, sita au nane, na kwa mtoto mdogo yaweza kupita siku nzima.

Tazameni basi ulipo mtego. Katika zile saa mbili mtu haoni kitu. Husema, “Haifanyi kazi,” akaongeza. Kumbe kile cha kwanza kiko njiani bado, na cha pili kinakifuata nyuma. Vyote viwili vikifika pamoja, mtu huanguka. Kijiko cha pili ndicho kilichomzidi yule mtoto wetu, nacho alikitia mama yake kwa mapenzi yote ya mama.

Hatari hii ni kubwa zaidi katika biskuti, keki na peremende. Mtu mzima aliyenunua anajua kilichomo. Mtoto aonaye biskuti mezani anajua biskuti tu. Ataila yote, na akiipata nyingine ataila pia. Katika nchi ambako vitu hivi vinauzwa madukani kwa ruhusa, watoto wadogo wengi wamefikishwa hospitalini kwa njia hiyo hiyo, wakiwa na usingizi mzito, wengine pumzi zikiwa dhaifu.

MANENO YA CHUPA NA KILICHOMO NDANI

Labda mtu atauliza, “Je, kama chupa imeandikwa vizuri, na kipimo kipo?” Sikilizeni. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani walinunua bidhaa 84 za mafuta ya namna hii yaliyoitwa ya dawa, wakazipima moja moja. Katika hizo 84, ni 26 tu zilizolingana na maandishi yake. Nyingine zilipungua, nyingine zilizidi. Na katika 18 kilikutwa kile kilevi chenyewe. Hiyo ni Marekani, nchi ya maabara nyingi. Je, kichupa kisicho na jina, kilichotoka katika gunia la mchuuzi mnadani?

Tena mwaka 2019, huko huko Marekani, vijana wengi walianza kuugua mapafu ghafula. Ilikuja kujulikana kwamba wengi walikuwa wakivuta mafuta ya bangi kwa vile vikalamu vya mvuke, na kwamba wachuuzi waliyachanganya na mafuta mengine, yanayotokana na vitamini E, ili yaonekane mazito na faida iongezeke. Ni kama mwuza maziwa atiaye maji. Hadi Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa hospitalini au wamekufa. Waliokufa ni 68.

Jicho halipimi mafuta haya, wala pua, wala ulimi. Ni kipimo cha maabara tu. Kitu ambacho hakuna ajuaye nguvu yake hakiwezi kuitwa dawa, hata kama kilitoka katika mmea wenye dawa.

JE, HAMNA DAWA KABISA NDANI YAKE?

Hapa nataka kuwa mkweli, maana uongo wa mchuuzi hauponywi kwa uongo wa karani. Ndani ya bangi kimo kitu cha pili kiitwacho kanabidioli, nacho hakilevyi. Mwaka 2018 serikali ya Marekani ilikubali dawa iitwayo Epidiolex, iliyotengenezwa kwa kanabidioli iliyosafishwa, kwa ajili ya aina mbili ngumu za kifafa zinazoanza utotoni. Aina hizo ni chache, nazo huitwa Dravet na Lennox-Gastaut.

Lakini angalieni jinsi dawa hiyo inavyotumika. Daktari humpima mtoto uzito kwanza. Huanza kwa kiasi kidogo na kupandisha polepole. Hupima damu ili aone kama ini linadhurika. Tena kwa kawaida huiongeza juu ya dawa nyingine za kifafa, bila kuzitupa zile za kwanza. Nazo dawa zaweza kugusana: moja ikaipandisha nyingine katika damu. Ndiyo sababu lazima daktari azijue zote.

Tofauti ya dawa ile na kichupa cha mnadani ni kama tofauti ya sindano ya muuguzi na mwiba wa mgunga. Vyote viwili hutoboa.

Na vile vidonge vya zahanati ambavyo mchuuzi alividharau? Fenobabitoni imetibu kifafa tangu mwaka 1912, nayo ni ya bei ndogo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu 7 katika kila 10 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa zinazofaa na kuzitumia sawasawa. Lakini kuacha vidonge hivyo kwa ghafula ni hatari kubwa: kifafa hurudi kwa nguvu, na chaweza kufululiza bila kukoma. Mtoto wa mama yule alipigwa pande mbili: alipewa asichopimiwa, akanyimwa alichopimiwa.

MFANYE NINI?

Wababa na wamama, yakateni maneno haya mkayabandike ukutani.

Kwanza. Mtoto au mtu mzima akila kitu cha bangi akaanza kulegea, msiseme, “Mwacheni alale, itamwisha.” Mlazeni kwa ubavu, mtazame pumzi zake, mumpeleke hospitali mara moja. Msimlazimishe kunywa maziwa, wala msimtapishe. Mtu aliyelewa usingizi hupaliwa, na maziwa yakaingia mapafuni.

Pili. Chukueni kichupa, au kipande cha biskuti kilichobaki, mwende nacho. Mwambieni daktari kweli: alikula nini, kiasi gani, saa ngapi. Daktari akifichwa hupoteza muda akitafuta malaria au homa ya uti wa mgongo, na mtoto anazidi kulegea.

Tatu. Mwenye kifafa akianguka, msimshike kwa nguvu, wala msimtie kijiko kinywani. Ondoeni mawe na moto karibu naye, mtieni nguo laini chini ya kichwa, na akitulia mgeuzeni kwa ubavu. Povu lake haliambukizi mtu. Wanaokimbia wanamwacha ndugu yao aungue motoni bure. Akizidi dakika tano hajatulia, ni safari ya hospitali.

Nne. Msiache vidonge vya kifafa hata siku moja bila neno la daktari. Vikiwa vinamlaza mtoto mno darasani, au havimsaidii, rudini mkaseme. Dawa ziko za namna nyingi, na kipimo hubadilishwa.

Tano. Mama mwenye mimba au anyonyeshaye asiguse bangi ya namna yoyote, hata kwa kichefuchefu. Humfikia mtoto kwa damu, na humfikia kwa maziwa.

NENO KWA VIJANA

Nasikia vijana wakisema vijiweni, “Umoja wa Mataifa umeruhusu bangi.” Sivyo. Tarehe 2 Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa bangi katika jedwali la nne la mkataba wa mwaka 1961, lililo la vitu vikali visivyo na manufaa makubwa ya uganga. Lakini imebaki katika jedwali la kwanza, chini ya ulinzi. Ni kweli pia kwamba Lesotho tangu 2017, Malawi tangu 2020 na Rwanda tangu 2021 zimekubali ilimwe kwa leseni ya serikali kwa ajili ya dawa. Tanzania haimo. Kwetu inatawala Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, namba 5 ya mwaka 2015. Mwenye kufanya biashara ya bangi, hata isiyozidi kilo 50, yaweza kumfikisha kifungo cha miaka 30. Na mwenye shamba aliyemruhusu mwingine apande, naye yumo hatiani.

Lakini sheria siyo jambo la kwanza. Akili zenu ndizo za kwanza. Mwaka 2019 ilitolewa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika miji ya Ulaya na Brazili. Ilionekana kwamba watumiao kila siku bangi yenye kilevi kinachozidi sehemu 10 katika 100 walikuwa katika hatari ya kuvurugika akili karibu mara tano kuliko wasioitumia kamwe. Na mafuta, tulisema, hufika 60 na 90.

Sisi wa Dodoma tuna Hospitali ya Mirembe, iliyojengwa tangu mwaka 1927, ikapokea wagonjwa wa akili kutoka nchi nzima. Watu wamelifanya jina lake kuwa tusi: “Wewe ni wa Mirembe!” Tabia hiyo tuiache. Wazazi wengi humficha kijana wao chumbani mwaka mzima kwa kuogopa neno hilo, na ugonjwa ukaota mizizi. Hospitali ni hospitali. Kijana akianza kusikia sauti wasizozisikia wengine, halali, anawashuku ndugu zake, mpelekeni mapema. Na kama anauziwa vitu hivi kijijini, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina simu isiyolipiwa, namba 119.

DHAMBI NI IPI?

Siku ile nilimwambia mama, “Ni dhambi.” Baadaye nilimwendea padre, naye akanifungulia Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, namba 2291. Humo Kanisa lafundisha kwamba kutumia dawa za kulevya huharibu vibaya afya na uhai, nako ni kosa zito, isipokuwa kwa sababu ya matibabu hasa. Kisha akanifungulia kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, ambamo tunafundishwa kumheshimu mganga kwa kazi yake, na kwamba Bwana ndiye aliyetoa dawa katika ardhi.

“Unaona?” padre akasema. “Mama yule hakutafuta kulewa. Alitafuta uzima wa mwanawe. Aliyemdanganya ndiye mwenye dhambi kubwa. Na wewe uliyejua kusoma, ulikuwa na wajibu.”

Nilinyamaza. Wazee walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, na mtoto ndiye aliyeumia.

Kwa hiyo nawaomba makatekista, walimu, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, na ninyi wazazi nyumbani: mtu akija na kichupa, au kijana akija na swali, jibuni kwanza swali lake. Ukimgombeza kabla hujamjibu, atakwenda na kichupa chake kwa mwingine, na huyo mwingine ni mchuuzi. Mwulizeni, “Umeshampa? Kiasi gani? Lini?” Mwelezeni yaliyomo na msiyoyajua. Kisha mshikeni mkono mwende naye zahanati. Kugomba, kama kuna haja, kutangoja.

Kile kichupa kilibaki hospitalini. Mama huenda kliniki kila mwezi, na vidonge vimebadilishwa kipimo. Jumapili iliyopita nilimwona mtoto katika Misa, amekaa mstari wa mbele pamoja na watoto wa Utoto Mtakatifu, akiimba kwa sauti kubwa kuliko wote na kutangulia wenzake ubeti mzima. Mama yake alikuwa nyuma yangu. Aliniona nikigeuka, akacheka kidogo, akafunika mdomo kwa kanga.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristu,
Karani wa Parokia